Yakobo au Eli? Maneno niliyosema juu ya nasaba mbili za Yesu

(Nilisema haya Jumamosi jioni mbele ya walimu wa Shule ya Jumapili na wazee wa kanisa. Wengi walikwama njiani kwa mvua, wakaomba niwaandikie. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Jedwali la majina lililokuwa ukutani sikuliweka, kwa kuwa kila mtu ana Biblia yake.)

Bwana Yesu asifiwe! Tena, Bwana Yesu asifiwe!

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu. Najua mlitaka somo la Majilio, na mimi nimewaletea orodha ya majina ya wafu. Orodha ambayo msomaji wa zamu akipangiwa, ghafla anapata mafua. Nani anapenda kusimama mbele ya watu asome "Abihudi akamzaa Eliakimu, Eliakimu akamzaa Azori"? Tunakohoa, tunaangalia saa, tunasubiri tufike kwa Mariamu tupumue. Kweli au si kweli?

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipita sokoni jioni moja nikakuta mhadhara. Mnaijua mihadhara yetu: meza, kipaza sauti, Biblia na Kurani, watu wamejaa mpaka kwenye mabanda ya mitumba. Mhadhiri alikuwa mzee wa kanzu na kofia, sauti ya upole, na Biblia yake imejaa vijikaratasi kuliko ya mchungaji wangu. Akauliza kama yuko Mkristo anayeweza kumsomea. Nikajitokeza mimi, na Biblia mpya kwapani.

"Kijana, nisomee Mathayo moja, kumi na sita." Nikasoma: "Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu."

"Nisomee Luka tatu, ishirini na tatu." Nikasoma: "akidhaniwa kuwa ni mwana wa Yusufu, wa Eli."

"Sasa mwanangu, huyu Yusufu ni mtoto wa nani? Yakobo au Eli?"

Nikajibu kwa sauti ya ushindi, maana jibu nililifundishwa: "Luka ameandika ukoo wa Mariamu!" Akaniambia, "Vizuri. Nionyeshe hapo jina la Mariamu." Nikatafuta. Nikapanda na kidole, nikashuka na kidole. Watu wakaanza kucheka. Yule mzee hakucheka. Alisema tu, "Kamuulize mwalimu wako, kisha urudi unijibu."

Nikamuuliza mwalimu wangu. Akanifungulia 1 Timotheo 1:4, pale Paulo anapokataza "hadithi na nasaba zisizo na ukomo," akafunga kitabu, mazungumzo yakaisha. Sikurudi sokoni. Kwa hiyo yule mzee ananidai, na jioni hii nataka kulilipa deni lake mbele yenu.

Tuanze kwa kutazama. Tieni kidole kimoja Mathayo 1 na kingine Luka 3. Mathayo anashuka: anaanza na Ibrahimu, baba anamzaa mwana, mpaka Yesu. Luka anapanda: anaanza na Yesu, mwana wa fulani, wa fulani, wa fulani, anampita Ibrahimu, anampita Nuhu, mpaka Adamu. Kati ya Ibrahimu na Daudi wanakwenda pamoja karibu jina kwa jina. Wanaachana kwa Daudi. Mathayo anashika njia ya Sulemani, njia ya ikulu, wafalme watupu. Luka anapitia kwa Nathani. Si Nathani nabii, tafadhali, walimu msiwachanganye watoto. Huyu ni Nathani mwana wa Daudi, na 1 Nyakati 3:5 inasema yeye na Sulemani walizaliwa na mama mmoja.

Njia hizo mbili zinakutana kwa Shealtieli na mwanawe Zerubabeli, wakati wa uhamisho wa Babeli. Halafu zinaachana tena, na hazikutani mpaka kwa Yusufu seremala. Nimehesabu. Kuanzia Sulemani hadi Yusufu, Mathayo ana majina 26. Kuanzia Nathani hadi Yusufu, Luka ana 41. Kati ya Zerubabeli na Yusufu, Mathayo ana 9, Luka ana 18, mara mbili kamili, na ukiacha Matani wa Mathayo na Matathi wa Luka wanaofanana kidogo, hakuna sura unayoitambua. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni tofauti ya matamshi au kosa la mpiga chapa. Hizi ni orodha mbili.

Sasa nawauliza: mnadhani nani aliyegundua jambo hili kwanza? Yule mzee wa sokoni? Wasomi wa Ulaya?

Hapana. Wakristo wenyewe, tena mapema sana. Na walipoliona, walifanya mambo ya ajabu.

Wa kwanza alichukua mkasi. Tatiano, mtu wa upande wa Siria, kama mwaka 170, alizichukua Injili nne akazisuka kuwa kitabu kimoja kinachotiririka. Alipofika kwenye nasaba, alizikata zote mbili. Kitabu chake kilipendwa sana na makanisa ya Kisiria. Katika karne ya 5 askofu Theodoreto wa Kiro alizunguka makanisa yake akakuta nakala zaidi ya 200. Akazikusanya akaziweka kando, akawarudishia watu Injili nne. Lalamiko lake mojawapo lilikuwa hilo hilo: Tatiano amekata nasaba.

Wa pili alichukua kalamu. Kuna hati ya kale iliyoandikwa kama mwaka 400, nayo imetunzwa Chuo Kikuu cha Cambridge tangu Theodore Beza alipoitoa zawadi mwaka 1581. Ukifungua Luka 3 ndani yake unashtuka. Kati ya Yusufu na Daudi majina ya Luka hayapo! Aliyeiandaa ameyatoa, akachukua majina ya Mathayo, akayageuza yapande badala ya kushuka. Na kwa kuwa alijua Mathayo ameruka wafalme fulani, akawarudisha na wao. Mnaona bidii hiyo? Amemsahihisha Luka kwa Mathayo, kisha akamsahihisha Mathayo kwa kitabu cha Wafalme. Namhurumia. Nadhani hata yeye alikuwa na mzee wake wa sokoni.

Basi mkasi ulikuwapo na kalamu ilikuwapo. Lakini kanisa lililobaki, kubwa, lenye maaskofu wagomvi wasiokubaliana hata tarehe ya Pasaka, liliziacha nasaba zote mbili ndani ya kitabu kimoja, zikitazamana. Mtu anayetaka kuficha jambo hufanya hivyo?

Wa tatu hakukata wala hakufuta. Aliketi akafikiri. Huyu ndiye ninayempenda, tukae naye kidogo.

Anaitwa Julius Africanus, msomi aliyeishi Palestina mwanzoni mwa karne ya 3. Rafiki yake Aristide alisumbuliwa na swali letu hili, na Africanus akamwandikia barua. Barua hiyo tunayo kwa sababu Eusebio wa Kaisaria aliinakili katika Historia yake ya Kanisa, kitabu cha kwanza, sura ya 7. Africanus anasema: kumbukeni sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 25. Ndugu wakikaa pamoja, mmoja akafa bila mtoto, nduguye atamwoa mjane, na mzaliwa wa kwanza atahesabiwa kwa jina la marehemu, jina lake lisifutwe katika Israeli.

Wale mliotoka pande za Ziwa hamhitaji mahubiri marefu hapa. Wajaluo wanajua: anayemrithi mjane anazaa, lakini watoto ni wa marehemu. Nanyi Wakurya mna nyumba ntobhu yenu, mwanamke anamwoa mwanamke ili nyumba isikose mrithi. Sisemi ni mambo yale yale, wala sisemi tuyarudishe, wachungaji msiniangalie hivyo. Nasema mnaelewa kwamba swali "mtoto wa nani?" linaweza kuwa na majibu mawili ya kweli katika nyumba moja.

Africanus anaeleza hivi. Palikuwa na mwanamke, mapokeo yanamwita Estha. Aliolewa na Matani wa ukoo wa Sulemani, akamzaa Yakobo. Matani akafa. Akaolewa na mtu wa ukoo wa Nathani, akamzaa Eli. Kwa hiyo Yakobo na Eli ni ndugu wa tumbo moja, baba mbalimbali. Eli akaoa, akafa bila mtoto. Yakobo akamchukua mjane, akamzaa Yusufu. Kwa damu, Yusufu ni wa Yakobo. Kwa sheria, ni wa Eli. Mathayo anasema "akamzaa," Luka anasema "wa." (Yule mume wa pili Africanus anamwita Melki, wakati katika Luka yetu kati ya Eli na Melki wapo Matathi na Lawi. Inaonekana nakala aliyokuwa nayo haikuwa na majina hayo mawili.)

Mtasema: safi, tumemaliza, twende tukanywe chai. Ngojeni. Ninachompendea Africanus si maelezo yake, ni mstari ule wa baadaye. Anakiri kwamba maelezo haya hayana shahidi. Anasema hana bora kuliko hayo, na kwamba Injili yenyewe ni ya kweli hata hivyo. Mtu ametoa hoja nzuri kabisa, kisha mwenyewe anakuonyesha nyufa zake! Mimi pale sokoni sikuwa na hoja wala unyenyekevu.

Hebu niwape mfano wa nyumbani kwetu. Baba yangu mzazi ana baba wawili, na wala si kashfa. Babu aliyemzaa alifariki baba yangu akiwa anatambaa. Kaka mkubwa wa marehemu akamchukua. Alipofika umri wa shule, mwalimu aliuliza, "Jina la baba?" na baba mkubwa akataja lake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama pale. Cheti cha shule kikaandikwa hivyo, cha ubatizo hivyo, na karatasi za kazi hivyo hivyo mpaka anastaafu. Lakini siku ya kugawana shamba la migomba, wazee wa ukoo hawakuuliza cheti. Walimwita kwa jina la yule aliyelala kaburini, wakamkatia fungu la yule aliyelala kaburini. Akija mtu miaka mia mbili kutoka sasa, mkono mmoja cheti cha ubatizo, mkono mwingine kumbukumbu za kikao cha ukoo, atasema nini? Atasema mmoja wao ameongopa. Na wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa swali aliloulizwa.

Sasa lile jibu langu la sokoni, la Mariamu. Naliheshimu, maana limewafariji wengi. Yohane wa Damasko katika karne ya 8 alimweka Mariamu katika ukoo wa Nathani. Lakini aliyelisambaza sana lile la kwamba orodha ya Luka ni ya Mariamu mwenyewe ni mtawa wa Kidominiko wa Italia, Annius wa Viterbo. Mwaka 1498 alichapisha kule Roma kitabu kikubwa cha maandishi ya kale, akidai kwamba ameyapata. Mojawapo alisema ni la Filo, Myahudi wa Aleksandria, na humo Eli anakuwa Eliakimu, Eliakimu anakuwa Yoakimu, na Yoakimu ndiye baba yake Mariamu. Kila kitu kikakaa sawa. Kikakaa sawa mno! Baadaye wasomi wakabaini kwamba Annius aliyatunga maandishi yale mwenyewe.

Je, ina maana wazo lenyewe ni uongo kwa sababu mwongo alilipenda? Hapana. Wapo waaminifu wanaolishika hadi leo kwa hoja nyingine, kwamba Yusufu ameandikwa kwa Eli kama mkwe. Lakini msome Luka mwenyewe. Katika 1:27 anayetajwa kuwa wa mbari ya Daudi ni Yusufu. Katika 2:4 anayekwenda Bethlehemu kwa sababu ya ukoo ni Yusufu. Na jamaa ya Mariamu anayetajwa, Elisabeti, ni wa uzao wa Haruni. Luka akitaka kumwandika Mariamu anajua kumwandika. Sura mbili nzima amemwandika. Mkiniuliza mimi, orodha zote mbili ni za Yusufu. Ukiniuliza kama nitakutenga kwa kufikiri vinginevyo, jibu ni hapana.

Lakini nilipokuwa nikihangaika na Yakobo na Eli, kumbe jibu la yule mzee lilikuwa juu kidogo kwenye orodha hiyo hiyo, pale njia zinapokutana. Tazameni Zerubabeli.

Zerubabeli ni mtoto wa nani? Mathayo: wa Shealtieli. Luka: wa Shealtieli. Ezra 3:2: wa Shealtieli. Hagai: wa Shealtieli. Sasa fungueni 1 Nyakati 3:19. Msomeni polepole. Mama pale mbele, umesoma nini? "Wa Pedaya." Ndiyo! Pedaya, ndugu yake Shealtieli. Zerubabeli ana baba wawili, na waliomwandika hivyo ni Agano la Kale, mamia ya miaka kabla Mathayo na Luka hawajazaliwa. Na Shealtieli naye? Mathayo anasema ni wa Yekonia mfalme. Luka anasema ni wa Neri, mtu ambaye hakuna anayemjua.

Na huyu Yekonia ana kisa chake. Kijana wa miaka 18, alitawala Yerusalemu miezi mitatu tu, kisha mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza akamchukua mateka hadi Babeli. Yeremia 22 inamtolea neno zito. Mungu anasema hata angekuwa pete ya muhuri katika mkono wake wa kuume angeing'oa. Tena, mwandikeni mtu huyu kana kwamba hana watoto, maana hakuna wa uzao wake atakayekaa katika kiti cha Daudi. Wengi wamesema basi, huyu alikufa tasa, na Shealtieli alichukuliwa kwa Neri ili ukoo usizimike.

Ila mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walichimba magofu ya Babeli, wakapata vibao vya udongo vya ghala la mfalme. Ernst Weidner akavisoma na kuvichapisha mwaka 1939. Mnajua viliandikwa nini? Posho! Mafuta kiasi fulani kwa mfungwa fulani. Na katikati ya posho hizo: mafuta ya Yaukinu, mfalme wa Yuda. Ndiye Yekonia wetu. Na mafuta ya wana wa mfalme wa Yuda, watano. Karani wa ghala hakuwa na habari na Yeremia. Alikuwa anahesabu mafuta tu. Nabii anasema mwandikeni kana kwamba hana watoto, karani anawapimia watoto wake watano. Je, wanagongana? Soma tena: "kana kwamba." Nabii anazungumzia kiti cha enzi, karani anazungumzia matumbo. Kisha fungueni Hagai 2:23, Mungu anamwambia Zerubabeli: nitakufanya kuwa kama pete yenye muhuri. Pete ile ile iliyong'olewa kwa babu inarudishwa kwa mjukuu. Mathayo alijua anachokifanya alipomwacha Yekonia humo.

Kwa hiyo mzee wangu wa sokoni, popote ulipo, jibu ni hili: Yusufu ana baba wawili katika maandiko kama Zerubabeli alivyo na wawili, na Wayahudi walioyatunza maandiko hayo hawakuona haja ya kumfuta mmoja. Au tazama Ruthu. Boazi anasema mbele ya wazee mlangoni kwamba anamwoa Ruthu ili alisimamishe jina la marehemu Maloni. Kwa sheria Obedi angehesabiwa wa Maloni. Lakini mwisho wa kitabu hicho hicho, Ruthu 4:21, imeandikwa: "Boazi akamzaa Obedi." Sheria inasema hivi, orodha inafuata damu. Mahali pengine ingefuata sheria. Wao walikuwa na njia zote mbili.

Mnanifuata? Au nimewapoteza kwa Neri?

Sasa, kila mwandishi alikuwa anatafuta nini?

Mathayo anapenda hesabu. Anasema mwenyewe katika 1:17: vizazi kumi na vinne, kumi na vinne, kumi na vinne. Ili apate kumi na nne zake, kati ya Yoramu na Uzia ameruka wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. Kabla ya Yekonia amemruka Yehoyakimu. Je, hakuwajua? Mtu anayenukuu manabii kila ukurasa? Kuruka babu kwenye orodha lilikuwa jambo la kawaida. Ezra 7, ukiilinganisha na 1 Nyakati 6, ameruka majina sita ya ukoo wake mwenyewe. Na fungu la tatu la Mathayo, nimelihesabu kwa vidole na kwa kalamu, lina majina 13, si 14, labda umhesabu Yekonia mara mbili. Naye mwandishi alikuwa mtoza ushuru, kama mapokeo yanavyosema! Msiniulize zaidi.

Kwa nini kumi na nne? Wazee wa pwani mnaojua abjadi mtanielewa haraka. Kila herufi ina tarakimu yake. Kwa Kiebrania Daudi huandikwa kwa herufi tatu: dalethi ni 4, vavu ni 6, dalethi tena ni 4. Jumla? Kumi na nne! (Kwa Kiarabu, mkiongeza alifu, mnapata 15, kwa hiyo msijaribu kwa herufi zetu za madrasa.) Ndiyo maana wengi wanaona kwamba Mathayo anagonga jina moja mara tatu kama ngoma: Daudi, Daudi, Daudi.

Na humo humo kwenye orodha ya kifalme anaingiza wanawake. Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule ambaye hata jina hamtaji, "mke wa Uria," ili usisahau mume wake alifanywa nini. Hakumtaja Sara. Hakumtaja Rebeka. Kwa nini Tamari?

Mnakijua kisa, Mwanzo 38, hatukifundishi Shule ya Jumapili. Tamari ameolewa na mwana wa Yuda, mume amekufa. Anapewa ndugu wa mume, naye anakufa. Yuda anamrudisha kwa baba yake, anamwambia asubiri mtoto wa tatu akue, na hana nia ya kumpa. Tamari anajifunika uso, anakaa njiani. Baba mkwe anapita, hamtambui, anamwachia rehani muhuri wake na kamba yake na fimbo yake. Miezi mitatu baadaye ana mimba, na Yuda anasema mtoeni achomwe moto. Tamari anatuma zile rehani: mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba hii. Yuda anavitazama, anasema: yeye ni mwenye haki kuliko mimi. Akamzaa Peresi, na Peresi yumo kwenye orodha. Mkitafuta hapo ile sheria ya kumzalia ndugu aliyekufa, ndiyo iliyovunjwa na Yuda na kutimizwa na Tamari. Mathayo amemweka karibu na mlango, ukifika kwa binti wa Nazareti mwenye mimba ambayo majirani hawaielewi usishangae sana.

Na ukifika hapo, sarufi yenyewe inageuka. Mara thelathini na tisa baba "akamzaa" mwana. Kiswahili chetu kinatuficha kidogo, maana kwetu baba anazaa na mama anazaa. Katika Kigiriki, kwa Yusufu kitenzi kinageuzwa: Mariamu, ambaye kwake alizaliwa Yesu. Mathayo amekupitisha kwenye ukoo wote wa Yusufu, na hatua ya mwisho anamwacha Yusufu pembeni.

Luka ni mwingine. Hasemi lolote kuhusu kumi na nne. Tena orodha yake hakuiweka mwanzo kama mlango. Ameiweka sura ya tatu, kati ya ubatizo na jangwa. Someni mfululizo bila kuruka majina: mbinguni sauti inasema, "Wewe ndiwe Mwanangu." Halafu majina yote hayo, hadi "wa Sethi, wa Adamu, wa Mungu." Halafu jangwani Ibilisi anasema, "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Mnaona alipoipachika? Anapanda kwa watu wasiojulikana, Esli, Nagai, Maathi, watu wa mashamba, mpaka kwa Adamu ambaye si Myahudi wala Mmataifa. Ukihesabu kuanzia Yesu mpaka neno Mungu, katika Kigiriki kinachotumika sana, unapata majina 77.

Namalizia na kisa kimoja, kisha maswali.

Eusebio huyo huyo, kitabu cha tatu, akimnukuu Hegesipo, mwandishi Mkristo wa kale zaidi, anaeleza kwamba Kaisari Domitiano, aliyetawala Roma miaka ya 81 hadi 96, alitaka wazao wa Daudi watafutwe. Wakachongewa watu wawili, wajukuu wa Yuda, yule aliyeitwa ndugu yake Bwana kwa jinsi ya mwili. Wakaletwa mbele yake. Kaisari akauliza: ninyi ni wa ukoo wa Daudi? Wangeweza kukana. Wakasema ndiyo.

Akauliza mali yao. Wakasema wote wawili pamoja wana thamani ya dinari 9,000, nayo si fedha ya mkononi, ni kipande cha shamba wanacholima wenyewe na kulipia kodi. Kisha wakanyoosha mikono yao mbele ya Kaisari, aone sugu za jembe kwenye viganja. Akauliza habari za ufalme wa Kristo. Wakamwambia si wa dunia hii. Domitiano akawadharau kama watu duni, akawaachia waende zao.

Naona mikono mitatu tayari. Tuanze na mama aliyesoma Pedaya.